Ndege Aliyeshika Jiwe

Wahenga walituachia msemo kwamba kusikia si kuona. Hawakumalizia. Hawakutuambia ni kuona kwa nani kunakohesabika, wala ni nani akisema "nimeona" atasadikiwa. Swali hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya kuhusu jambo ambalo kwa harakaharaka litaonekana halituhusu sisi vijana wa mjini: historia ya kuwapiga picha ndege wala nyama, yaani tai, kozi, mwewe, bundi na tumbusi, wakiwa huru porini, kwa mwanga wa jua peke yake.

Usifunge jarida, ndugu msomaji. Ndani ya historia hiyo kimo kisa kilichotokea hapahapa Tanzania, kwenye tambarare za Serengeti, na kisa hicho kina jambo la kumwambia kila anayetaka kushika kalamu. Lakini ili tukifikie inabidi tuanzie mbali kidogo, alifu kwa ujiti.

Na hapo kwenye alifu ndipo penyewe. Wamisri wa kale, waliokuwa wakiandika kwa michoro, walikuwa na ndege mmoja waliyemfanya herufi. Si tai mkubwa wa kutisha. Ni tumbusi mdogo mweupe mwenye uso mtupu wa manjano na ncha za mabawa nyeusi, ambaye uzito wake ni kama kilo 2 tu. Mchoro wake ulisimamia sauti ambayo wataalamu wa maandishi hayo wanaiita kwa jina la herufi ya kwanza ya Kiebrania, ndugu wa alifu yetu. Kwa hiyo huyu bwana alikuwa kwenye maandishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kabla hata ya mtu kuota kitu kinachoitwa kamera. Mshike vizuri kichwani, maana atarudi, na atarudi na jiwe mdomoni.

KUUA ILI KUONA

Kabla ya kamera, aliyetaka kumwonyesha mwenzake tai alikuwa na njia moja: amuue kwanza. John James Audubon, mchoraji maarufu wa ndege wa Marekani aliyeishi kati ya mwaka 1785 na 1851, aliwapiga risasi ndege, akawapachika nyaya ili wasimame kama wazima, kisha akachora. Kitabu chake kikubwa cha ndege wa Amerika kilitolewa kwa vipande kuanzia 1827 hadi 1838, na hadi leo watu wanakilipia mamilioni ya dola.

Mwaka 1833, akiwa Boston, Audubon alinunua tai wa dhahabu aliye hai. Alimtazama akavutiwa, hata akafikiria kumwachia aende zake. Lakini alitaka picha. Akamfungia ndani ya chumba akaweka moshi wa mkaa ili afe taratibu bila kuharibika manyoya. Tai akakataa kufa. Saa zikapita, ndege kakaa tu anamtazama. Mwisho mchoraji akamchoma moyoni kwa chuma kirefu chenye ncha. Akachora siku nyingi mfululizo, na alipomaliza akaugua mwenyewe. Mchoro upo, na ni mzuri ajabu. Ila ukishajua habari yake hutaweza kulitazama lile jicho bila kujiuliza limeangalia nini mwishoni.

Hivyo kamera ilipokuja ilileta ahadi mpya: kwamba unaweza kumchukua ndege bila kumchukua. Ilikuwa ahadi kubwa, na tutaona kuwa haikutimizwa mara zote.

Waingereza wawili, ndugu wa tumbo moja, Richard na Cherry Kearton, waliozaliwa kijijini Yorkshire, walianza mwaka 1892 kwa kupiga picha kiota cha ndege mwimbaji chenye mayai, karibu na London. Miaka mitatu baadaye, 1895, kikatoka kitabu chao cha viota vya ndege wa Uingereza kilichojaa picha za kamera badala ya michoro. Ili ndege wasiwakimbie walijificha kwa kila hila. Mwaka 1900 walitengeneza ng'ombe wa bandia: ngozi halisi ya ng'ombe juu ya fremu ya mbao, tumboni kuna mtu na kamera yake. Msomaji, jaribu kuchora picha hiyo kichwani: mtu mzima kainama ndani ya tumbo la ng'ombe aliyekufa, jua linamchoma, anamsubiri ndege atue. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi.

JUA HALIOMBWI

Hapa inabidi nieleze kidogo ufundi, kwa sababu bila huo hatutaelewa kwa nini watu hawa waliteseka hivyo.

Kamera za zamani hazikutumia filamu ya kuviringisha. Zilitumia mabamba ya vioo yaliyopakwa dawa, na dawa ile ilikuwa mvivu. Ilihitaji mwanga mwingi, na muda, mpaka ishike sura. Kitu kinachotikisika kilitoka kama moshi. Sasa fikiria kozi, ambaye akijiachia kutoka angani kufuata windo lake anapita kilomita 300 kwa saa. Utamshika na nini? Ndiyo maana picha karibu zote za mwanzo za ndege wala nyama ni za kwenye kiota. Kiotani ndege anarudi palepale, umbali unaujua, na unaweza kukaa ukahesabu ni saa ngapi jua litafika kwenye ukingo ule.

Kuna jambo lingine. Tai na kipanga wana mfupa uliojitokeza juu ya jicho, kama paa dogo. Mfupa huo ndio unaowapa ile sura ya hasira. Jua likiwa utosini, hasa kwetu huku karibu na Ikweta, paa lile linatupa kivuli na jicho lote linakuwa shimo jeusi. Picha inakuwa ya ndege asiye na roho. Mpiga picha wa jua hana budi kungoja asubuhi au alasiri, jua lishuke, liingie chini ya lile paa na kuwasha nukta moja nyeupe ndani ya jicho. Nukta hiyo ndogo ndiyo tofauti ya tai aliye hai na tai wa kwenye noti. Huwezi kuiomba. Ama inakuja ama haiji, na wingu likipita umekula hasara ya siku nzima.

Wengine walichoka kungoja, wakaamua kuja na jua lao. Mfano ni Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyesafiri mara kadhaa katika nchi ya Wamasai na maeneo ya Kilimanjaro mpaka miaka ya mwanzo ya 1900, wakati Tanganyika ikiwa chini ya Wajerumani. Alikuwa na wapagazi wengi waliobeba mizigo ya vioo, kamera na unga wa magnesi ambao ukiwashwa unalipuka kwa mwanga mkali. Usiku aliwafunga punda na ng'ombe hai kama chambo, simba akaja, paa! mwanga, picha. Kitabu chake kilichotoka 1905 kiliitwa kwa Kijerumani jina lenye maana ya "Kwa mwanga wa mlipuko na bunduki", na kilisifiwa sana Ulaya. Jina lenyewe halifichi kitu: bunduki na kamera vimekaa pamoja kama mapacha. Wapagazi waliobeba ule mwanga mgongoni hawamo kwenye jina la kitabu.

Sisemi taa ya kupigia picha ni dhambi. Mwingereza Eric Hosking, aliyepigia picha bundi kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, aliihitaji, kwa sababu bundi ni wa usiku na jua halimtafuti. Na huyu alilipa gharama. Mwaka 1937 huko Wales, akipanda gizani kwenda kwenye maficho yake karibu na kiota, bundi alimjia kimyakimya akamchoma kucha katika jicho la kushoto. Jicho likapotea. Alirudi kazini na jicho moja, akaendelea mpaka uzeeni, na mwaka 1970 alipoandika habari za maisha yake aliliweka jicho hilo katika jina la kitabu. Huyo bundi hakuwa na kosa. Alikuwa mzazi, na aliona mtu anapanda kwenda kwa watoto wake.

PANGO LA KALIFORNIA

Kama kuna waliotimiza ile ahadi ya kumchukua ndege bila kumchukua, na kuivunja papo hapo, ni marafiki wawili kutoka Oregon, Marekani: William Finley na Herman Bohlman. Mwaka 1906 waligundua kiota cha kondori wa Kalifornia katika bonde la Eaton, kwenye milima iliyo karibu na mji wa Pasadena. Kondori ni tumbusi mkubwa kuliko wote wa Amerika ya Kaskazini; akinyoosha mabawa anakaribia mita 3. Hutaga yai moja tu.

Kiota kilikuwa kwenye uwazi katikati ya majabali. Jamaa walipanda genge hilo mara kwa mara kwa miezi kadhaa, kamera na vioo mgongoni, na tarehe 23 Machi 1906 wakamkuta kinda anatoka katika yai. Hawakuwa na haraka. Waliwaacha wazazi wawazoee kidogokidogo, mpaka wakaweza kuwapiga picha wakiwa karibu kiasi cha kuwagusa. Finley aliandika habari hizo kwa mfululizo katika jarida la wataalamu wa ndege, naye msomaji wa kawaida kwa mara ya kwanza akamwona kondori si kama jitu la kutisha bali kama mama na baba wanaopokezana zamu ya kulea.

Lakini walipomaliza, wakamchukua kinda. Wakampa jina Jenerali, Finley akamlea nyumbani Oregon, kisha akapelekwa bustani ya wanyama ya New York. Kiota kikabaki tupu.

Tuwe waadilifu: kwa wakati wao lilionekana jambo la kawaida, na hawa hawa wawili picha zao za ndege wengine zilimfikia Rais Theodore Roosevelt, na kati ya 1907 na 1908 akatangaza hifadhi za ndege huko Oregon, kama vile Three Arch Rocks na Malheur. Picha ziliokoa maelfu ya ndege. Kondori hawakuwa na bahati hiyo upesi. Kufikia mwaka 1982 walibaki 22 tu duniani. Mwaka 1987 wa mwisho waliokuwa huru wote walikamatwa, wakazalishwa vizimbani, na kuanzia 1992 wakaanza kurudishwa porini. Sasa wapo zaidi ya 500 ukijumlisha wa porini na wa kwenye vizimba. Kumbe yule Jenerali, aliyechukuliwa akiwa peke yake mwaka 1906, alikuwa ametangulia tu njia ambayo kabila lake lote lingekuja kuipita.

TUMBUSI WA SERENGETI

Sasa turudi nyumbani.

Hugo van Lawick alikuwa Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1937 Surabaya, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Alifika Afrika Mashariki akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee, akitafuta kazi ya kupiga picha za wanyama. Mwaka 1962 alitumwa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, akampige picha dada mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akiwachunguza sokwe. Dada huyo alikuwa Jane Goodall. Mwaka 1960 alikuwa amewaona sokwe wakitumia vijiti kuchokoa mchwa katika kichuguu, jambo lililowashtua wasomi, kwani walikuwa wameshakata shauri kwamba ni binadamu peke yake mwenye kutumia zana. Picha za Hugo zilisaidia kufunga midomo ya wabishi. Wawili hao wakaoana mwaka 1964.

Katikati ya miaka hiyo ya 1960 walikuwa Serengeti. Moto ulikuwa umepita kwenye nyasi, mbuni wakakimbia wakaacha kiota chao wazi, mayai yamelala juani. Tumbusi wa kila aina wakakusanyika. Yai la mbuni, ndugu msomaji, si yai la kuku. Lina uzito unaozidi kilo moja na ganda lake ni nene kama sahani. Wale tumbusi wakubwa, wenye midomo ya kupasua ngozi ya nyati, walilidonoa, wakateleza, wakashindwa, wakabaki wanalizunguka kama wageni waliofungiwa mlango wa harusi.

Ndipo wakaja wawili wadogo weupe wenye uso wa manjano. Wale wale wa alifu ya Misri. Mmoja akalidonoa yai, akaona haliwezekani, akaondoka. Akatembea akitafuta chini, akaokota jiwe kwa mdomo, akarudi nalo. Akasimama wima, akainua kichwa juu kabisa, halafu akalibwaga lile jiwe kwa nguvu juu ya yai. Akakosa. Akaokota tena. Akapiga. Akaokota tena. Mpaka ganda likaitika, ute ukatoka, na wakubwa wakaja mbio kunyang'anya, kama ilivyo kawaida ya wakubwa.

Hugo alikuwa na kamera. Alikuwa akifanya kazi kutoka ndani ya gari, maana wanyama na ndege wa mbugani wanaliogopa gari kidogo kuliko wanavyomwogopa mtu anayetembea kwa miguu. Gari lilikuwa ng'ombe wake wa bandia. Mwanga ulikuwa ule ule wa Mungu. Wanaojua kamera wataelewa ugumu wake: ndege mweupe juani, juu ya uwanda ulioungua. Ukiipimia kamera ardhi nyeusi, ndege anageuka karatasi nyeupe isiyo na manyoya. Ukimpimia ndege, ardhi yote inakuwa giza na jiwe halionekani. Na jiwe ndilo ushahidi wenyewe! Isitoshe jiwe likitoka mdomoni linafika chini kwa kufumba na kufumbua. Hapo hakuna kumwambia ndege arudie, wala hakuna kusogeza taa. Ni kujua atafanya nini kabla hajafanya, na hilo hulijui mpaka umemkalia sana.

Habari ikatoka katika jarida la kisayansi la Nature mwaka 1966, na mwaka 1968 ikatoka na picha zake katika National Geographic. Dunia ikashangaa: ndege anatumia zana!

WALIOSEMA KABLA

Sasa ngoja nikuulize. Dunia ipi iliyoshangaa?

Mwaka 1838, yaani miaka 128 kabla ya makala ile ya Nature, msafiri Mskoti James Alexander alitoa kitabu cha safari zake kusini mwa Afrika. Humo aliandika jambo aliloambiwa na wenyeji wa pande za Mto Orange: kwamba mbuni akiacha kiota mchana, tumbusi mweupe huonekana angani na jiwe, hulidondosha juu ya mayai, kisha hushuka kula yaliyovunjika. Wawindaji wa huko walikuwa wakimtumia ndege huyo kama kielekezi. Wakimwona anashuka walikimbilia hapo, wakijua mayai yapo.

Yaani kwa wale watu haikuwa ajabu ya dunia, ilikuwa habari ya chakula. Waliijua kama sisi tunavyojua kwamba pale soko la samaki la Feri mwewe akizunguka chini chini, basi shikilia samaki wako. Lakini maneno yao yalikaa katika kitabu kama hadithi za kustaajabisha, mpaka alipokuja mtu na picha.

Kuna watakaosema huo ni ubaguzi tu na mjadala umekwisha. Mimi nadhani jambo ni gumu zaidi ya hapo, na mwandishi hana ruhusa ya kurahisisha. Tazama tena: wenyeji wa mwaka 1838, kama walivyonukuliwa, walisema ndege hudondosha jiwe kutoka angani. Kamera ya Serengeti ilionyesha ndege amesimama chini, anapiga kwa shingo. Ni habari moja yenye tofauti ndani yake. Je, wenyeji walikosea? Au msafiri aliyesikia kwa mkalimani alipotosha? Hatuwezi kuwauliza. Hakuna aliyeandika majina yao, wala maneno yao wenyewe kwa lugha yao. Kilichotufikia ni mwangwi wa mtu wa pili.

Hapo ndipo penye uzito, kwa maoni yangu. Picha ya Hugo haikuwa na akili kuliko mzee wa Mto Orange. Ilikuwa na kitu kimoja tu ambacho mzee hakuwa nacho: iliweza kusafiri bila kubadilika. Mtu wa London au Tokyo aliitazama akaona kile kile alichoona aliyekuwepo, na mwingine akitaka kubisha alijua aangalie wapi. Na wengine kweli wakaendelea kuchunguza. Mwaka 1989 watafiti watatu walichapisha habari za tumbusi wa aina hiyo waliolelewa na watu, ambao hawakuwahi kumwona mwenzao akipiga yai, na bado walipopewa jiwe na yai walianza kutupa. Ina maana ndege huyu hakufundishwa shuleni. Amezaliwa na mkono wa kutupa, ingawa mkono wenyewe hana.

Mzee wa Mto Orange angeweza kuchangia katika mjadala huo. Pengine angesema mambo ambayo hadi leo hayajachunguzwa. Lakini hakuwa na karatasi.

KILICHOBAKI

Hugo van Lawick aliishi sehemu kubwa ya maisha yake kwenye hema huko Ndutu, Serengeti, akipiga picha na kutengeneza filamu za wanyama. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2002. Picha zake za tumbusi zipo vitabuni na zitadumu. Swali ni kama tumbusi wenyewe watadumu.

Maana sasa hivi mambo si mazuri. Tumbusi mweupe wa kupiga mayai aliwekwa mwaka 2007 katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Mwaka 2015 tumbusi wengine wanne wa Afrika wakasogezwa kwenye daraja la hatari kubwa kabisa, moja kabla ya kutoweka porini. Sababu kuu ni sumu. Mfugaji amepoteza ng'ombe kwa simba, anamwagia mzoga dawa ya wadudu ili simba akirudi afe. Simba huja mmoja au wawili, tumbusi huja mia. Majangili nao huwatilia sumu makusudi, kwa sababu tumbusi wakizunguka angani askari wa wanyamapori wanajua tembo ameuawa wapi. Ajabu ni hii: kile kilichomfanya rafiki wa wawindaji wa mayai mwaka 1838, kwamba huonyesha mahali, ndicho kinachomponza leo.

Tusiwe wepesi kumlaani mfugaji. Ng'ombe wake ndiye ada ya shule na mahari na hospitali. Picha nzuri ya tumbusi haimlipi ng'ombe. Lakini mzoga usiosafishwa nao unaleta magonjwa, na hakuna mfagizi wa bure kama tumbusi. Hapo pana hadithi ya kuandikwa, na si picha itakayoiandika.

Vijana wenzangu mnaotunga: wengi wetu hatuna kamera za maana, na hata simu inayopiga picha haimfikii tai aliye mawinguni. Anachoweza kuniletea ni nukta. Lakini kalamu tunayo, na daftari la shilingi chache. Wapo wazee wetu, wavuvi, wachungaji, mama zetu wanaofuga kuku uani, ambao wamemtazama mwewe kwa miaka 50 na wanajua mambo yake ambayo hayamo kwenye kitabu chochote. Wakisema, tunacheka, tunaita hadithi za bibi. Kisha siku moja mtu atakuja na lenzi ndefu kama bomba, atapiga picha, na sisi tutasoma habari hiyo kwa Kiingereza tukishangaa.

Jifunze kwa wapiga picha wa jua. Nenda kaa. Ngoja mwanga ufike wenyewe, usiulazimishe kwa mlipuko wa maneno makubwa. Usimchome moyo unayemwandika ili atulie ukurasani. Usimchukue kinda ukaondoka naye. Na anayekuambia jambo, andika jina lake, andika siku, andika maneno yake kwa lugha yake kama alivyoyatamka, pamoja na yale usiyoyasadiki.

Tumbusi mweupe alishindwa na yai kwa mdomo, akaenda kutafuta jiwe. Akakosa shabaha, akaokota tena. Wakubwa walikuwa wamekaa pembeni wanamwangalia.